Mate ya Babu na Mafua ya Kawaida

Kazi yangu ya kwanza ya mshahara ilikuwa kushughulika na makamasi ya watu. Nasema hivyo makusudi, maana mama yangu, aliyekuwa na duka la vitenge mjini Arusha, aliwaambia wateja wake kwamba binti yake ni daktari. Sikuwa daktari. Nilikuwa na cheti cha maabara, koti jeupe, na friza la sampuli lililonipandisha presha kila mgao wa umeme ulipofika mtaa wetu. Ilikuwa miaka ya ruksa. Kila mtu alikuwa anafungua kitu, huyu duka la mitumba, yule kampuni ya watalii, na wageni nao wakaja na miradi. Wa kwetu ulipanga vyumba vitatu vya ofisi mjini na ulitaka kujua jambo moja: mafua ya kawaida yanampata nani, mara ngapi, na kwa nini aliyeugua mwaka huu anaugua tena mwakani.

Kila wiki tulikwenda vijiji vya Kikwe na Maji ya Chai, nyumba kwa nyumba. Mwenye mafua tulimwingiza kijiti cha pamba puani. Damu tuliwatoa wote, wagonjwa kwa wazima, mara ya kwanza baridi inapoanza na mara ya pili inapoisha. Tuliizungusha kwenye mashine mpaka maji yake ya manjano yakajitenga, tukayagandisha, yakapelekwa ng'ambo kupimwa kingamwili. Hesabu yenyewe haikuwa ngumu. Kama kingamwili katika damu ya pili zimepanda sana kuliko katika ya kwanza, kirusi kimepita hapo katikati, hata kama mwenyewe anaapa hakupiga chafya hata moja. Kama viwango ni vilevile, hakikupita. Mojawapo ya virusi tulivyovitafuta kiliitwa korona. Miaka mingi baadaye dunia nzima ilikuja kulitamka jina hilo kwa hofu, lakini sisi tuliliandika kwenye lebo kwa kalamu ya wino, tukaenda kunywa chai. Lilikuwa jina la mafua tu, la aina ile inayokuchosha siku nne ikakuacha.

Karibu kila mtu mzima tuliyempima alikuwa nazo hizo kingamwili. Ukiugua zinapanda, zinashuka taratibu, na zikishuka vya kutosha kirusi kinarudi kukusalimia. Watoto wachanga huzaliwa na za mama zao, za kuazima, na baada ya miezi michache zinakuwa zimekwisha. Nililijua hilo kama ninavyojua njia ya kwenda sokoni. Nililijua kupita kiasi, na ujuzi ukanivimbisha kichwa.

Niliolewa na dereva wa watalii, Mwarusha wa upande wa magharibi wa Mlima Meru, Mlutheri mpole ambaye wiki tatu kati ya nne alikuwa porini na wageni. Mimi ni Mchaga, Mkatoliki, mtoto wa mjini. Nilipojifungua mwezi wa sita, wakati ukungu umeukalia mlima tangu asubuhi mpaka jioni, alinipeleka kwa wazazi wake juu ya Ngaramtoni. Mzazi wa kwanza hakai chumba cha kupanga peke yake, alisema. Sikubisha. Kwetu Kilimanjaro nako mzazi hukaa ndani miezi mitatu, analishwa mtori na kupigiwa hodi na mashangazi. Nilidhani itakuwa vilevile, tofauti ikiwa chungu tu.

Haikuwa vilevile. Chumba changu kilikuwa na kidirisha kimoja ambacho mama mkwe alikiziba kwa gunia ili upepo usimpate mtoto. Mama mkwe nilimwita yeyo, kama walivyomwita wote pale bomani. Moto uliwaka humohumo ndani. Sikuruhusiwa kutoka ila kwa haja, na hata hapo nilifunikwa shuka mpaka kichwani. Akienda shambani, yeyo aliegemeza gogo mlangoni kwa nje ili mbuzi wasiingie. Sijawahi kujua kama ni mbuzi kweli. Nilisikia watoto wakicheza, nikasikia redio ya jirani na ng'ombe wakirudi, na mimi nimekaa kwenye moshi na bakuli la mafuta ya kondoo ambayo lazima yaishe. Nilijisikia nimefungwa. Siwezi kulisema kwa lugha laini zaidi. Nilimpenda mwanangu hadi nikawa naogopa, na bado kulikuwa na mchana nilipolitazama lile gogo kwenye upenyo wa mlango nikalia kwa hasira.

Yeyo hakuwa mbaya. Aliamka kabla yangu, akanikanda tumbo kwa maji ya moto, akampaka mtoto mafuta. Ila alikuwa na sheria, na sheria zake hazikuwa na dirisha. Moja ilikuwa kwamba damu ya mzazi inarudishwa, haitolewi. Hii ilinitia mashakani, kwa sababu nilikuwa nimejiandikisha mimi na mtoto kwenye mradi. Walitaka kuona kingamwili za mama zinavyoisha ndani ya mtoto mwezi kwa mwezi, na kazi yangu ilikuwa inanisubiri kwa sehemu kwa ajili hiyo. Damu ya kwanza walikwishaitoa hospitali, siku ya kujifungua. Mume wangu alimbembeleza yeyo kwa kilo tano za sukari na blanketi, mpaka akakubali nesi wa mradi aje mara moja kwa mwezi, anawe mikono, asikae sana.

Nesi huyo alikuwa rafiki yangu wa kazini. Alipokuja mara ya kwanza, mtoto akiwa na mwezi mmoja, nilikuwa sijaongea na mtu wa rika langu siku nyingi. Nilimrukia. Tulikumbatiana, tukacheka mpaka yeyo akakohoa nje kutukumbusha kwamba muda unakwenda. Alinisimulia habari za ofisini, nani kagombana na nani, jenereta limeharibika tena. Alipenga kamasi kwenye leso, akasema, "Shoga, Kikwe nzima inapiga chafya, na mimi nimeokota yangu." Tukacheka tena. Akanitoa damu, akamchoma mtoto kisigino, akambeba na kumbusu, akaondoka.

Siku nne baadaye ikawa siku ya babu.

Babu alikuwa mzee kuliko wote bomani, baba wa baba mkwe wangu. Baba mkwe mwenyewe kwa heshima hakuingia chumbani mwangu, lakini babu hakuwa na mwiko huo. Mimi nilikuwa mjukuu wake, na mjukuu anataniwa. Aliniita "mke wangu wa mjini" na kuniuliza alinilipia mahari ya ng'ombe wangapi. Alivuta ugoro tangu ujana wake. Pua yake ilichuruzika muda wote na kifua kilikoroma, na asubuhi hiyo alikuwa amezidi: macho mekundu, anajifuta kwa pindo la shuka, anakohoa kila hatua tatu.

Alikuja kumbariki mtoto. Kwa watu wale baraka ya mzee ni mate. Anakaa, anapokea mtoto, anasema maneno ya kumwita Mungu amjalie ng'ombe na watoto na mvi, kisha anamtemea mate kidogo kwenye paji la uso na kifuani. Mate ni kitu cha ndani ya mzee, na mzee hampi kila mtu. Mtoto asiyetemewa ni kama mgeni nyumbani kwao. Niliambiwa hayo kabla ya harusi, nikayaona mazuri, wakati ule yakiwa maneno.

Sasa babu alikuwa amekaa mbele yangu kwenye kigoda. Yeyo amesimama nyuma yake, amejifunga kitenge kipya kwa ajili ya shughuli. Babu akanyoosha mikono, na midomo yake nikaiona inakusanya mate.

Sikufikiri kuhusu ng'ombe wala mvi. Nilifikiri kuhusu vijiti vya pamba. Nilimbana mtoto kifuani, nikamfunika uso kwa khanga, nikasema, "Babu, una mafua. Subiri kwanza upone."

Babu hakukasirika. Alinitazama, akamtazama mtoto aliyefunikwa, kisha akameza. Niliona koo lake likipanda na kushuka. Aliyameza mate aliyokuwa amemwandalia mwanangu, akashika fimbo yake, akainuka.

"Sawa," alisema. "Wewe ndiye mama ya mtoto."

Yeyo hakuniambia neno siku hiyo, wala kesho yake, wala keshokutwa. Aliniletea chakula, akanikanda, akampaka mtoto mafuta, yote kimya. Ningefurahi angenitukana. Chumba kile kilikuwa kidogo tangu mwanzo, lakini sasa kilinibana mbavu. Babu hakukanyaga tena mlangoni kwangu. Nilimsikia akipita nje na kikohozi chake, hatua zikikaribia, zikipita, zikienda. Na mimi, kichwa maji, niliendelea kujiambia kwamba nilikuwa sahihi.

Siku ya tatu baada ya hapo mtoto akaziba pua. Mtoto wa mwezi mmoja hajui kupumua kwa mdomo huku ananyonya. Alishika ziwa, akaliachia, akalia, akalishika tena. Nilimnyonya kamasi kwa mdomo wangu kama wanavyofanya mama zetu wote, nikatema kwenye majivu, nikarudia. Mimi mwenyewe koo lilikuwa linawasha tangu siku kadhaa nyuma, kidogo tu, nikalilaumu moshi. Mchana kutwa nilihesabu pumzi zake. Niliogopa, na katika kuogopa nilimchukia babu. Naandika hili kwa aibu: nilimchukia mzee wa watu, nikijiambia kwamba kikohozi chake kilikuwa kimekwisha kuenea chumbani kabla sijamfunika mtoto.

Hapo ndipo yeyo alipofungua mdomo. "Anaumwa kwa sababu hajabarikiwa."

"Anaumwa kwa sababu babu alikuja na mafua, yeyo."

Akatoka nje. Gogo likagonga mlango.

Nesi alirudi siku mbili baadaye kwa sababu nilimwita, nilimtuma mume wangu alipopita nyumbani kati ya safari mbili. Alimchukua mtoto kijiti cha puani, akasikiliza kifua, akasema mapafu ni safi. Nikamwomba kitu kingine. Nilimwomba amtoe babu damu, leo na tena baada ya wiki tatu, apimwe kama watu wa Kikwe. Nilimwambia ni kwa ajili ya utafiti. Uongo. Nilitaka karatasi. Nilitaka siku moja niiweke mbele ya yeyo na kusema, tazama, huyu hapa ndiye aliyetuletea.

Mume wangu ndiye aliyekwenda kumwomba babu. Nilitegemea atakataa. Kupitia upenyo wa mlango nilimwona akija uani mwenyewe, akakaa kwenye kigoda, akafunua shuka, akamnyooshea nesi mkono mwembamba wenye mishipa iliyotuna. Hakuuliza swali hata moja. Chupa ilipokuwa inajaa nilimsikia akimwambia, "Chukua ya kutosha, mama."

Mtoto alipona baada ya siku saba hivi. Pua ilifunguka, akanyonya mpaka akalewa usingizi, na mimi nikalala mchana kutwa ubavuni kwake. Wiki tatu zilipotimia nesi akarudi. Safari hii babu alikuja amenyoa, amevaa koti lake la kanisani juu ya shuka jipya. Nilidhani ni heshima ya mzee kwa mgeni. Akatoa mkono kama mara ya kwanza. Mimi pia nikatolewa. Miezi yangu mitatu ilipokwisha mume wangu akaja kunichukua, na babu akatuaga akiwa amesimama mbali, kando ya zizi. Hakumgusa mtoto. Sikuthubutu kumwomba.

Nilirudi kazini, mtoto akalelewa na mama yangu nyuma ya duka. Majibu yalikaa ng'ambo muda mrefu. Yalipofika, karibu na msimu mwingine wa baridi, mimi ndiye niliyepewa bahasha nipange karatasi kwa namba. Namba ya babu niliijua kwa moyo.

Damu yake ya kwanza na ya pili zilikuwa na kiwango kilekile cha kingamwili za korona. Cha mtu mzima wa kawaida, cha mafua ya zamani. Hakikupanda hata chembe. Kijiti cha mtoto kilikuwa na kirusi hicho. Na kiwango changu, kati ya damu ya mwezi wa kwanza na ile ya mwisho, kilikuwa kimepanda kupita cha watu wote wa ukurasa ule.

Mtu wa maabara makini angesema labda babu alikuwa na kirusi kingine. Labda. Mimi nilijua alikuwa na ugoro na uzee. Na nilijua nani aliingia chumbani mwangu na mafua, nani nilimkumbatia, nani nilimwachia ambusu mwanangu huku nacheka. Yeye hakuwa na kigoda wala shuka. Alikuwa na koti jeupe kama langu, na haikunipitia akilini kumwambia asubiri apone. Nilikaa na ile karatasi mezani hadi wenzangu walipofunga ofisi. Niliona haya.

Jumapili iliyofuata nilikwenda bomani na mtoto mgongoni, sukari, majani ya chai na maneno niliyoyakariri njia nzima. Nilikusudia kusema kila kitu. Nilikusudia kupiga magoti na kuomba mate yale.

Babu alikuwa juani, amedhoofika, blanketi miguuni. Yeyo alikuwa ameketi karibu naye akichambua maharage.

"Shikamoo babu. Shikamoo yeyo."

"Marahaba, mke wangu wa mjini. Mlete huyo."

Nikapiga magoti. "Babu, siku ile nilikukosea. Nimekuja kuomba msamaha."

"Kosa gani?" Alicheka mpaka akakohoa. "Siku ile nilisikia uchungu, ndiyo. Nikasema huyu mwanamke amenikataa. Kisha ukamtuma mume wako, mnataka damu yangu. Nikakaa nikafikiri. Nikasema, aa, kumbe watu wa hospitali wana njia yao. Sisi tunatema mate. Mate yanakauka. Hawa wanatoa damu ya mzee wanampelekea mtoto. Mimi nimebariki watoto wa boma hili wote, hakuna aliyepewa damu. Huyu peke yake. Tena mara mbili!"

Yeyo aliinua macho kutoka kwenye maharage, akanitabasamia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ile asubuhi. "Alipona siku zilezile," alisema. "Wote tuliona."

Babu alikuwa ameshampakata mtoto. Akamkunjua mkono taratibu, akapapasa pale kwenye mkunjo wa kiwiko kwa kidole gumba. "Walimwekea hapa?"

Damu yake ilikuwa katika nchi ambayo hata mimi sijawahi kuiona, au ilishamwagwa kwenye sinki. Maneno niliyoyakariri yalikuwa mdomoni, yote, kwa mpangilio. Nikaona kwamba nikiomba mate sasa, nitakuwa nimemwambia kwamba mwanangu hajapata kitu kwake, na kwamba mkono wake niliuomba ili nimpate na hatia. Yeyo alikuwa anaangalia. Mtoto alikuwa amezishika ndevu za babu.

"Ndiyo, babu," nilisema. "Hapo hapo."

Akaridhika. Alimpapasa tena, akamrudishia mkono wake kama mtu anayerudisha kitu cha thamani, akaomba chai. Hakutema mate. Hakukuwa na haja.

Alifariki kabla ya baridi kwisha. Kaburini wazee walimsogeza mwanangu mbele ya wajukuu wakubwa, wakisema huyu ndiye mwenye damu yake. Amekua hivyo. Boma lile halijawahi kumwona kama mtoto wa mwanamke wa mjini. Akienda, anapewa kigoda kabla ya baba yake. Mara nyingi nimefungua mdomo nimwambie, nikaona uso wake, nikafunga mdomo.

Mwaka jana alikuja na mtoto wake mchanga, na mkwe wangu alikuwa amekaa anasikiliza. Mwanangu akaniuliza, "Mama, wewe ulikuwepo. Babu alitoa chupa ngapi?"

Nikamwambia mbili, kwa sababu hilo angalau lilikuwa kweli.